Mkono Ulioangalia Mbele

Siku gari la Ngazi lilipoingia kwa Mzee Rudia bila kubisha hodi, mwenye gari alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho kayakaza barabarani, na hakuwa na nia yoyote ya kwenda huko. Tairi la mbele lilitumbukia kwenye kishimo cha kawaida tu, cha kutosha kulaza paka, na gari likaamua lenyewe kwenda kushoto. Likaruka mtaro, likalala juu ya uzio wa michongoma uliokuwa umepunguzwa na kunyooshwa kama nywele za bwana harusi, likasimama pua ikiwa karibu kabisa na kiti cha mwenye nyumba.

Mzee Rudia hakuinuka. Alishusha gazeti, akalitazama gari kuanzia chini mpaka kule juu ambako Ngazi alikuwa anachungulia kama mtu aliye ghorofani, kisha akasema:

"Karibu. Unamtafuta nani?"

Sasa ili uujue uzito wa jambo, Ngazi alikuwa anamtafuta binti wa nyumba hiyohiyo, na mji mzima ulikuwa unajua. Binti mwenyewe alikuwa mshonaji, ana kibanda chake cha kushonea pale kwenye kona, na kama ungetaka kujua Ngazi amefua shati gani juzi, ungeuliza hapo ukajibiwa. Kila kitu kilikuwa tayari. Lilikuwa limebaki neno moja tu la baba. Na baba ndiye huyo, amekaa katikati ya majani ya michongoma, na jani moja limemkaa kwenye kofia.

Huyu mzee alikuwa mtahini wa madereva miaka mingi kabla hajastaafu. Watu hawakumwita Mzee Rudia kwa mapenzi. Ukimaliza kuendesha, umelowa jasho mpaka soksi, yeye angefungua jicho moja na kusema, "Rudia." Basi. Unarudi foleni. Na nimesema jicho moja kwa sababu mzee alikuwa na namna yake ya kutahini: alikuwa akitahini amefumba macho. Anapanda, anajiegemeza, anashusha kofia mpaka puani, mikono juu ya tumbo, anasema "twende," na hafumbui mpaka gari lisimame.

"Macho yana huruma," alikuwa akieleza. "Yanaona kijana kavaa shati la kuazima, yanaona anatetemeka, yanamhurumia. Mgongo hauna huruma. Mimi nasahihisha kwa mgongo."

Mgongo huo ulikuwa umewafelisha nusu ya madereva wa mji, Ngazi akiwemo.

Ngazi naye jina lake alilipata kwa sababu ya gari. Kazi yake ilikuwa kupeleka saruji, mabati na matangi ya maji kwa watu waliokuwa wanajenga kule mlimani, ambako gari la kawaida likifika katikati ya njia linakaa chini na kulia. Akaliinua. Akaweka springi ndefu, akaweka matairi makubwa, akaliinua tena, mpaka ikawa abiria anapandia kigoda. Mama yake alipanda siku moja, akasema ameona paa la nyumba yake kwa mara ya kwanza na ni chafu kuliko alivyodhani, akashuka, hakupanda tena.

Jioni ya siku ya michongoma, mshonaji alimfuata Ngazi akiwa bado na sindano mdomoni, na alivyokuwa na hasira, Ngazi akasimama mbali kidogo.

"Baba amesema hana neno na wewe," akasema, akaitoa sindano. "Ana neno na gari."

"Amesemaje?"

"Amesema hawezi kumkabidhi binti yake mtu ambaye gari lake ndilo linaloamua pa kwenda. Ijumaa atapanda mwenyewe, umpeleke kwa shangazi kule mlimani, umrudishe. Mgongo ukiridhika, ulete washenga. Usiporidhika, basi."

"Basi nini?"

"Basi hiyohiyo unayoijua."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikamwambia mimi sio leseni ya kutahiniwa barabarani." Akashusha sauti. "Lakini ni baba yangu. Nina yeye tu. Siku yangu ile nataka akae mbele akiwa anacheka, sio amenuna kama mtu aliyekalia pini. Kwa hiyo nakuomba, mpenzi wangu, tengeneza hilo dude lako."

Ngazi akaenda moja kwa moja kwa shemeji yake.

Shemeji huyu, mume wa dada yake mkubwa, alikuwa fundi magari, na gereji yake ilikuwa uani kwa nyumba yao. Nyumba yenyewe haikuwahi kuwa na nafasi. Ukienda asubuhi unakuta wateja wanasubiri magari, majirani wanasubiri chai, na watu wengine ambao hakuna aliyejua wanasubiri nini lakini wamepewa viti. Ukilaza gari hapo, watu wote wanainama nalo.

Shemeji akaingia chini, akatoka, akajifuta mikono.

"Shemeji, uliliinua mwili ukasahau mikono."

"Sema Kiswahili."

"Unaiona hii tairodi? Fimbo hii, inayotoka kwenye usukani kwenda kwenye magurudumu. Zamani ilikuwa imelala. Ulipoinua gari, upande mmoja ukapanda na upande mwingine ukabaki chini. Sasa imeinama kama mtu anateremka kisimani. Gari likiruka kidogo, fimbo inavuta gurudumu. Wewe hujapinda, yenyewe imepinda. Ndiyo maana unakwenda kusalimia watu majumbani kwao."

"Dawa yake?"

"Tunaipandisha juu ya ekseli, chuma hiki kinachobeba magurudumu, ilale. Na hii fimbo nyingine, inayoizuia ekseli isicheze pembeni, nayo tunaipandisha. Zilale sambamba kama reli. Zikipanda zinapanda pamoja, zikishuka zinashuka pamoja. Hutasikia kitu."

Kazi ya kutengeneza vishikio vipya akapewa Cheche.

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea, kijeba, mwenye miwani nyeusi hata akiwa anakula, na alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuamini nati. Kwake nati ilikuwa ahadi tu, na kuchomelea ndiyo ndoa. Ukimwachia kitu chochote kilichofungwa kwa nati, ukigeuka kunywa maji, ukirudi unakikuta kimechomelewa. Dada mkubwa alikuwa na jiko lisilofunguka, dirisha lisilofunguka, na siku moja geti la uani lilichomelewa wageni wakiwa ndani, wakalala.

Wakafanya kazi. Gari likapandishwa juu ya magogo, matairi yakatolewa, na watu wa nyumba nzima wakachuchumaa kuzunguka kama wanaangalia mtoto mchanga. Fimbo ya kwanza ikapanda juu ya ekseli. Ikalala vizuri. Fimbo ya pili ikapanda. Ikalala. Balaa likaja kwenye mkono.

Chini ya boksi la usukani hutoka mkono mfupi wa chuma, na mkono huo ndio unaoisukuma ile fimbo. Siku zote ulikuwa umeangalia nyuma. Sasa kwa kuwa fimbo imepanda, kila mkono ulipozunguka ulikuwa unaipiga springi, ngo, ngo. Shemeji akaupima hivi, akaupima vile. Akakuna kichwa kwa spana. Mwishowe akauchomoa, akaugeuza, akaurudisha ukiwa umeangalia mbele.

Kimya. Haugusi chochote.

"Unaona!" akasema shemeji. "Wanasoma miaka mingapi hawa wanaotengeneza magari, na hilo hawakuliona?"

Wakaweka kipimo cha maji juu ya fimbo, kile cha mafundi wa ujenzi. Kipovu kikakaa katikati, hakitikisiki. Watu wakapiga makofi. Dada akaleta chai. Jirani mmoja akaomba apigwe picha akiwa ameonyesha fimbo kwa kidole. Na wakati wote wanakunywa chai, nyuma yao kulikuwa na mwanga wa buluu, lakini hakuna aliyeshtuka, kwa sababu katika nyumba ile mwanga wa buluu ulikuwa kitu cha kawaida kama kuku.

Cheche akainua miwani. "Ule mkono nimeuchomelea kabisa na mhimili wake, ule unaotoka kwenye boksi. Hautoki mpaka mwisho wa dunia."

"Ahsante, ndugu yangu," akasema Ngazi, na alimaanisha.

Matairi yakarudishwa, gari likashushwa, Ngazi akapanda. Geti lilikuwa mkono wa kulia. Akawasha, akazungusha usukani kulia, akaachia klachi, akaingia kwenye banda la kuku.

Kuku walisema waliyoyasema. Manyoya yalipotulia, dada mkubwa alikuwa ameshika kiuno.

"Geti liko kulia! Umepinda kushoto kufanya nini?"

"Nimepinda kulia!"

"Wewe! Nimekuona kwa macho yangu! Kuku wangu wako kulia?"

"Dada, nimepinda kulia!"

Shemeji akalala chini kifudifudi. "Hebu zungusha kulia. Polepole."

Ngazi akazungusha kulia. Magurudumu yakageuka taratibu, kwa utii kabisa, yakaangalia kushoto.

"Kushoto."

Yakaangalia kulia.

Shemeji alikaa chini pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Alipotoka alikuwa amevua kofia.

"Ule mkono," akasema. "Ulikuwa umeangalia nyuma, tukaugeuza. Ni kama mtu umekaa naye anakutazama: kulia kwake ni kushoto kwako."

"Na sisi tulipiga makofi," akasema jirani wa picha.

"Matairi hayakuwepo! Ningejuaje wakati matairi hayakuwepo? Mimi nilikuwa naangalia fimbo!"

"Basi ugeuze tena," akasema Ngazi.

Watu wote wakamgeukia Cheche. Cheche akavuta pumzi, kifua kikapanda. "Nilisema hautoki," akasema, na ungeisikia fahari kwenye sauti. "Ukiukata, unakata na mhimili."

Maana yake boksi zima jipya, na boksi la gari la aina ile halikuwepo mjini. La kuagiza lingefika wiki inayofuata. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa.

"Mwambie mzee ukweli," akasema dada mkubwa. "Mzee ni mtu."

"Nimwambie nini, dada? Kwamba gari lililokuwa linakwenda kushoto lenyewe, sasa linakwenda kushoto nikiliambia kulia? Hapo nimetengeneza au nimeharibu?"

Ndipo Cheche, aliyekuwa anafuta miwani kwenye shati, akasema kama mtu anayeuliza saa:

"Kwani huwa si anafumba macho?"

Shemeji akairudisha kofia kichwani.

Kesho yake yote Ngazi alikuwa kwenye uwanja wa mpira. Asubuhi aliangusha goli la upande wa juu. Kufika mchana akawa anazunguka magoli. Siri ni kutofikiri. Ukijisemea "kulia," umekwisha. Ulitakiwa kuutazama usukani kama mtu mbishi: ukitaka akubali, unamwambia akatae. Jioni akawa anaingia na kutoka katikati ya milingoti kama amezaliwa hivyo, shemeji akipiga mbinja pembeni. Na kwa kweli, ukiacha suala la kupinda, gari lilikuwa limebadilika. Lilipita mashimo bila kushtuka. Likinyooshwa, linanyooka kama uzi wa chaki wa fundi cherehani.

Akarudi nyumbani kwa furaha, akapanda baiskeli kwenda dukani, akakata kona, na akajikuta amekaa ndani ya karai la mama wa vitunguu.

"Kulikuwa na njia nzima hiyo!" mama wa vitunguu akapiga kelele.

"Samahani, mama. Nilikuwa napinda kule."

Ijumaa Mzee Rudia alitoka amevaa suruali iliyopigwa pasi mpaka mstari ukaweza kukata mkate. Binti alikuja na kigoda. Mzee akapanda, akakaa, akajiegemeza, akashusha kofia puani.

"Twende."

Ngazi akaenda. Usiniulize alipumua wapi. Kona ya kwanza alipinda kinyume, gari likaenda sawa. Mzunguko wa sokoni akauzunguka huku mikono yake ikifanya mambo ambayo mtu yeyote aliyekuwa anatazama angeruka dirishani. Mvulana mmoja wa mkokoteni alimtazama mikono, akatazama matairi, akasimama katikati ya barabara mdomo wazi. Kule mlimani kwenye mawe, ambako zamani gari lilikuwa linarusha abiria kama mahindi ya bisi, sasa lilikuwa linateleza tu. Mzee alitoa sauti. Ngazi akadhani ni mguno. Akasikiliza vizuri. Mzee alikuwa anaimba puani.

Wakafika kwa shangazi. Wakanywa maji. Wakarudi. Aliposimama mbele ya nyumba, mkabala na uzio uliovunjika, mtaa mzima ulikuwa umeshajikusanya, maana mshonaji alikuwa amewaambia wateja wawili tu, kwa siri. Shemeji, dada mkubwa na Cheche walikuwa mbele.

Mzee Rudia akafungua jicho moja. Kisha, kitu ambacho madereva wa mji ule hawakuwahi kukiona, akafungua la pili.

"Kijana," akasema, "nimepanda magari ya mawaziri. Mgongo wangu haujawahi kulala barabarani. Leo umelala."

Watu wakashangilia. Mshonaji akaficha uso kwenye mtandio. Ngazi akaegemeza paji la uso kwenye usukani, machozi yakiwa karibu. Lingekuwa limekwisha hapo, na mimi nisingekuwa na la kukusimulia, kama mzee asingekuwa amefurahi kupita kiasi.

"Shuka," akasema. "Sogea. Niendeshe mimi."

"Mzee?"

"Gari tamu namna hii nishuke hivihivi? Mpaka pale kwenye mti na kurudi."

"Mzee wangu, klachi nzito."

"Nimekanyaga klachi kabla hujaota meno."

"Kiti kimekaa vibaya."

"Nitakaa vibaya nacho."

"Breki..."

"Breki nimezisikia kwa mgongo, ni nzima. Shuka, mwanangu." Na ile "mwanangu" ndiyo iliyommaliza Ngazi. Ukishaitwa mwanangu na mtu kama yule, unakataaje? Akamtazama shemeji. Shemeji akatazama mawingu.

Mzee akakaa nyuma ya usukani. Akarekebisha vioo vyote. Akapiga honi kidogo, kwa adabu. Macho safari hii alikuwa ameyafumbua. Akaweka gia ya kwanza, akatazama kulia, akazungusha usukani kulia, taratibu, kitabuni kabisa, ili aingie barabarani.

Gari likaenda kushoto. Mzee akaongeza kulia. Gari likaongeza kushoto. Jirani wa kushoto alikuwa anajenga, na mbele ya nyumba yake kulikuwa na lundo la mchanga lenye kimo cha mtu. Gari likalipanda kwa unyenyekevu, likafika juu, likazima, pua ikiangalia mbinguni.

Kisha kutoka nyuma ya umati, dereva mmoja wa teksi, mwenye kofia nyekundu, ambaye mgongo wa mzee ulikuwa umemnyima leseni mpaka akazeeka kidogo, akaweka mikono mdomoni:

"Rudiaaa!"

Ikawa kama mtu amefungua bomba. "Rudia, mzee! Rudia!" Watu wakaanguka kwa kicheko, wengine wakashikana. Walikuwa wamelisubiri neno hilo miaka na miaka, na kila mmoja alitaka kulisema kwa mdomo wake.

Mzee Rudia alishuka mwenyewe, bila kigoda. Mchanga ulikuwa umeingia kwenye viatu. Hakuwatazama watu. Alikuwa anaitazama mikono yake, anaigeuza, kama vitu alivyoviokota. Ngazi alikuwa amefika karibu ya kutosha kumsikia.

"Nilipinda kulia," mzee alikuwa anajisemea. "Kichwa kilisema kulia. Mkono..." Binti akamshika bega. Mzee akamwambia binti, polepole, "Mama, mimi nimekwisha. Ubongo unasema hivi, mwili unafanya vile. Baba yako mdogo alianza hivihivi." Kisha akamgeukia Ngazi na kumwekea funguo mkononi. "Mchukue. Muoane. Leteni watu wenu kesho, mimi sina la kupinga tena. Mtu ambaye hawezi kwenda kulia atamtahini nani?"

Ndilo neno hilo. Lile lililokuwa limebaki. Ngazi alikuwa nalo mkononi pamoja na funguo.

Shemeji akamminya kiuno. "Nyamaza," akanong'ona bila kufungua meno. "Umepata. Nyamaza, tutatengeneza wiki ijayo, hakuna atakayejua."

Na kweli, nani angejua? Ngazi alimtazama mzee anaanza kuondoka, anatembea kwa uangalifu, kama mtu asiyeamini tena kwamba mguu wake wa kulia utakwenda alikoutuma. Mshonaji alikuwa amemshika mkono baba yake, analia bila sauti.

"Mzee!" Ngazi akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyopanga. "Mzee, usukani uko kinyume!"

Kicheko kikakatika.

"Nini kiko kinyume?"

"Usukani. Ukipinda kulia linakwenda kushoto. Tulikosea wakati tunatengeneza. Ubongo wako mzima, mzee. Mikono yako mizima. Gari ndilo halina akili."

"Wewe umeniendesha mpaka mlimani," akasema mzee taratibu, "na kunirudisha."

"Nilijifunza jana. Kwenye uwanja wa mpira."

"Ile kona ya sokoni?"

"Kinyume."

"Kule kwenye mawe?"

"Kinyume, mzee. Nisamehe."

Mzee Rudia akavua kofia. Akampa binti. Akarudi kwenye lundo, akalala chali kwenye mchanga na ile suruali yake ya pasi, akajisukuma chini ya gari. "Mtu azungushe kulia!" sauti ikatoka. Shemeji akazungusha. "Kushoto!" Akazungusha. Kisha gari likaanza kutikisika kidogo, na watu wakaogopa mzee amepatwa na degedege, mpaka wakagundua anacheka.

Alitoka mchanga mpaka masikioni. Hakumtazama Ngazi kwanza. Alinyoosha kidole kwenye umati.

"Wewe mwenye kofia nyekundu. Njoo uendeshe."

"Mimi, mzee?"

"Si ulikuwa na sauti? Njoo. Na macho nakuruhusu uyafumbue."

Wakaliteremsha gari. Dereva wa teksi akapanda akiwa anatabasamu, anajua siri, amejiandaa. Akajisemea kinyume, kinyume, akapinda kushoto ili aende kulia, akaenda kulia, akafurahi, akasahau, na akarudi kwenye mchanga. Akafuata dereva wa lori la mkate. Mchanga. Akafuata mwalimu wa shule ya udereva, na huyo hakufika hata kwenye mchanga, alimalizia michongoma iliyokuwa imesalia. Mwenye lundo akaja na koleo anapiga kelele kwamba ule ni mchanga wa sebule yake, akaambiwa naye ajaribu, akajaribu. Watu wakapanga foleni wenyewe. Dada mkubwa akakumbuka hajaweka chai, akakimbia nyumbani.

Mshonaji peke yake hakuwa anacheka. Alimvuta Ngazi pembeni.

"Ulimpandisha baba yangu kwenye hilo kaburi."

"Ndiyo."

"Kufika mlimani."

"Ndiyo."

"Na hukuniambia mimi."

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo!" Akampiga bega na kofia ya baba yake, mara moja, kwa nguvu. Akainua tena kofia, akaishusha. "Ila ungenyamaza pale, nisingekutazama tena. Nilikuwa nimeshaona shemeji yako anakuminya." Akaondoka kumpangusa baba yake mchanga.

Kuhusu ndoa, siku hiyo mzee hakusema kitu. Wala kesho yake. Alisema tu boksi likifika aitwe.

Boksi lilipofika aliitwa, akaja na kiti chake, kisha akakiacha. Cheche aliambiwa akae mbali, upande wa pili wa barabara, na mashine yake ikafungiwa jikoni. Shemeji alikuwa amepata mkono mfupi zaidi, uliopinda kidogo, ambao uliweza kuangalia nyuma na kupita kando ya springi bila kuisalimia. Safari hii matairi yalifungwa kwanza na kushushwa chini, na haikukazwa nati hata moja mpaka usukani uzungushwe. Mshonaji ndiye aliyekaa juu kuuzungusha. Chini, juu ya maboksi yaliyopasuliwa, walilala chali mzee na Ngazi, bega kwa bega.

"Kulia!" mzee akaamuru.

Gurudumu likaenda kulia.

"Tena."

Likaenda tena.

"Mama yako mzima?" mzee akauliza, macho kwenye tairodi.

"Mzima, mzee."

"Kushoto! ... Anaweza kusafiri?"

"Anaweza. Ila sio kwa gari hili, alishaapa."

"Basi aje kwa teksi. Aje Jumapili, aje na watu wanaojua kukaa na kuzungumza. Yule wa kuchomelea asije." Tone la grisi likamdondokea mzee kwenye paji la uso, akalifuta kwa kidole, akaliangalia. "Kulia tena, mama! Polepole!"

"Mnazungumza nini huko chini?" sauti ya mshonaji ikashuka kutoka juu.

"Tunapima pembe," akasema baba yake.

"Nimesikia Jumapili."

"Ni pembe ya Jumapili. Zungusha."